Chombo cha Kuvukia

Sisi tunaosema nanyi twahudumu Garissa, na mara kwa mara twafika Hagadera, katika kambi za Dadaab, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka mjini. Huko ni mchanga mwekundu, miiba na upepo. Bahari iko mbali, na mvua yenyewe ni mgeni. Huenda mkashangaa, basi, kwamba watu wa nchi kavu kama sisi twataka kusema habari za vyombo vya majini. Mtuvumilie kidogo.

Mwenye Biblia na afungue Injili ya Marko, mlango wa 4, kuanzia aya ya 35. Hatutaisoma yote hewani. Mtaisoma wenyewe baada ya chai. Habari mnaijua tangu shule ya Jumapili. Bwana Yesu amefundisha kutwa, jioni imeingia, naye awaambia wanafunzi wake wavuke ziwa waende upande wa pili. Upepo ukavuma, mawimbi yakaingia chomboni, naye amelala shetrini. Wahubiri wengi huikimbilia tufani ile, na sisi tumeihubiri mara nyingi. Leo twataka kusimama kabla ya tufani, pale ufukoni, watu wanapopanda. Walipanda kwenda wapi? Na kwa ajili ya nani?

Marko ajibu mwanzoni mwa mlango wa 5. Ng'ambo kulikuwa na mtu aliyekaa makaburini, aliyefungwa minyororo mara nyingi akaikata, akijiumiza kwa mawe, wala hapakuwa na mtu aliyetaka kumkaribia. Chombo kile kilikuwa kinamwendea yeye. Siku hizi wageni wanaozuru nchi ya Israeli hupandishwa mashua za watalii katika ziwa lilelile la Galilaya. Huimba, hupiga picha, na injini huzimwa katikati ya maji ili watu wakae kimya kidogo. Kisha wengine hurudishwa pale pale walipopandia. Hatuwalaumu, kwa maana wengi wamebarikiwa kwa ziara hizo. Lakini maji yakiwa yale yale, safari si ile ile.

Jambo hili lilitufikia sisi wenyewe kwa njia ambayo hatukuitazamia.

Katika ushirika wetu mdogo wa Hagadera mna watu wa namna nyingi. Wako walimu na wauguzi waliotoka bara kuja kufanya kazi, na wako wakimbizi kutoka Sudan Kusini, Uhabeshi, Kongo na Burundi. Twakaa kati ya majirani Waislamu, wengi wao Wasomali, nasi twaishi nao kwa kusalimiana na kuazimana ndoo. Kambi ya Hagadera ilifunguliwa mwaka wa 1992. Hesabuni wenyewe. Yupo mtu aliyezaliwa humo, akasoma humo, akaoa humo, sasa ana watoto wanaokwenda shule humo, na hajapata kuuona mto Tana, sembuse bahari.

Kwaya yetu ilialikwa na ushirika mmoja wa pwani ya kusini, ng'ambo ya Likoni, kwenda kuimba nao Jumapili ya mavuno. Tukaanza kuweka akiba. Mwenye kuuza mandazi aliweka, mwenye cherehani aliweka, walimu wakaongeza. Tulipokwisha kutoa nauli ya basi kutoka Garissa kupitia Hola, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, na nauli ya kurudi, tukabaki na fedha kidogo. Hapo ndipo mashauri yakaanza.

Wengine walisema: Jumapili asubuhi tuvuke Likoni kwa feri kama watu wote, na ile fedha iwe ya matatu ya kutufikisha kanisani na sadaka ya kuwapelekea wenyeji wetu. Wengine walisema la, fedha hiyo itupeleke katika jahazi la watalii. Mombasa yako majahazi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Jioni yang'oa nanga, yapita mbele ya Mji wa Kale na ngome ya Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, watu wakila samaki mezani, muziki ukipigwa, jua likizama. Kisha hurudi kwenye gati lile lile lililoyaaga. Bei ya kiti kimoja ilikuwa kubwa. Fedha yetu ingewatosha watu 8 kati ya 22, na baada ya hapo isingebaki hata ya matatu ya kwenda kwa waliotualika.

Mtasema, hilo si neno la kubishania. Na sisi tulidhani hivyo, mpaka aliposimama binti mmoja wa sauti ya pili, asiyekuwa na mazoea ya kusema mkutanoni.

Alisema, “Mchungaji, mimi tangu nizaliwe nimesimama foleni. Foleni ya unga, foleni ya maji, foleni ya daktari, foleni ya kuwekewa vidole kwenye mashine ili ijulikane kama ni mimi. Sasa mwatupeleka mpaka Mombasa, safari yote hiyo, tukasimame foleni nyingine? Pigeni kura, waende wanane. Hata nisipokuwa mmoja wao si kitu. Nataka tu kujua kwamba mtu wa Hagadera amewahi kuketishwa mezani akaulizwa, wewe utapenda nini?”

Mabati ya paa yalikuwa yakilia kwa joto, na hakuna aliyejibu kwa muda mrefu.

Ndugu msikilizaji, usiharakishe kulijibu neno hilo. Wako wahubiri ambao wangelijibu papo hapo, wakimwonya binti yule juu ya anasa za dunia. Ni ajabu jinsi anasa zinavyokemewa zaidi mbele ya watu wasiokuwa nazo. Bwana wetu hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikwenda arusini Kana akahakikisha divai haipungui. Alikula kwa watu mpaka adui zake wakamsingizia ulafi. Na ile Zaburi ya 23 tunayoisoma makaburini, katikati yake pana meza iliyoandaliwa, na mtu aliyezoea kufukuzwa na adui ameketishwa hapo, amepakwa mafuta, kikombe kinafurika. Kwa hiyo binti yule hakuomba kitu cha kidunia. Aliomba kitu kilichomo katika Maandiko, ila mahali alipokielekeza ndipo palipotutia mashaka.

Tuliwasomea Matendo ya Mitume, mlango wa 27. Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Rumi katika merikebu ya ngano. Luka ametuwekea hesabu ya waliokuwamo: watu 276, wafungwa na askari na mabaharia na matajiri, wote pamoja. Merikebu ilipokaribia kuvunjika, mabaharia walishusha mashua ndogo kwa siri wapate kujiokoa wao. Paulo akamwambia akida kwamba hao wakiondoka, waliobaki hawataokoka. Askari wakazikata kamba, mashua ikaenda tupu. Kisha, kabla hakujapambazuka, Paulo akatwaa mkate, akashukuru mbele ya wote, akala, nao wote wakachangamka wakala. Twaomba mtazame jambo hilo. Meza iliandaliwa katika chombo cha watu wote, katikati ya tufani, na mwenye kuiandaa alikuwa mfungwa.

Hata baada ya somo hilo mkutano haukwisha. Mzee wa kanisa, fundi wa pampu za maji, alisema kura si dhambi, hata Mathiya alichaguliwa kwa kura. Mwingine akauliza kama kwaya ya watu wanane ni kwaya. Nje ya mlango alikuwa ameketi jirani yetu, mzee Mbajuni aliyetoka Kismayu, mvuvi wa siku nyingi, Mwislamu, aliyekuja kudai ndoo yake. Alikuwa amesikiliza yote. Akatoa kichwa ndani akauliza, “Kule ng'ambo yupo mtu awangojeaye?” Tukamjibu, wapo, kanisa zima. Akasema, “Basi ya nini mashauri?” Akachukua ndoo akaenda zake.

Wengi wakainua mikono kwa feri. Binti yule hakuinua mkono wake upande wowote.

Sasa, kwa wale wasioijua Likoni, tuwaeleze. Mombasa ni kisiwa. Upande wa kaskazini na wa magharibi mna madaraja na njia za kufika bara, lakini upande wa kusini pana mlango wa bahari unaoingiza meli kubwa katika bandari ya Kilindini, na watu wa Likoni, Ukunda na Kwale wakitaka kuingia mjini huuvuka hapo kwa feri. Watajwa kuwa zaidi ya 300,000 kila siku. Feri zina majina ambayo kila mtoto wa pwani ayajua: Nyayo, Harambee, Kilindini, Likoni, Kwale, Jambo. Magari hulipa. Aendaye kwa miguu halipi chochote. Tajiri aliyeacha gari lake na mwuza maji mwenye gunia kichwani huingia kwa lango moja na kusimama bega kwa bega, wala kwa waendao kwa miguu hakuna daraja la kwanza na la pili. Maji yenyewe si mapana. Ni mwendo wa dakika chache tu. Lakini dakika hizo ndizo kazi, na shule, na hospitali, na mazishi ya watu wa upande wa pili.

Msidhani twaisifu feri kana kwamba ni safina ya Nuhu. Ijumaa tarehe 29 Aprili mwaka wa 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe, jirani na hapo Likoni, ilipinduka ikiwa imewabeba watu kupita kiasi, wakienda kazini. Watu 272 walikufa, na ufuko wenyewe ulikuwa karibu. Tarehe 20 Septemba mwaka wa 2018, katika Ziwa Nyanza, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 200, na hapo pia watu wa nchi kavu waliwaona ndugu zao wakizama. Waliokufa hawakuwa watalii. Walikuwa wenye vikapu.

Hapa inatubidi tuseme neno gumu kidogo. Katika chombo cha matembezi kila mgeni huhesabiwa, naye huonyeshwa jaketi la kuokolea maisha kabla kamba haijafunguliwa. Asipopata nafasi huambiwa aje kesho. Vizuri sana, ndivyo ipasavyo. Lakini mbona mwenye kuvuka kwenda kuuza viazi asihesabiwe vivyo hivyo? Je, roho ya mtu hupanda thamani anapokuwa amelipa kwa dola? Kanisa likiwaambia watu wachague chombo cha wote, na lisimame pia mbele ya wakubwa kudai kwamba chombo cha wote kiwe kizima, kisijazwe kupita kipimo, na maboya yake yasiwe yamefungwa kwa kufuli. Tukihubiri nusu ya kwanza tukaacha ya pili, tutakuwa tumewapandisha watu mahali ambapo sisi wenyewe hatutaki kupanda.

Basi siku ya safari ikafika. Hatukuwa 22. Mkimbizi hakuweza kutoka kambini bila kibali, na vibali viwili havikutoka kwa wakati. Kijana mmoja wa sauti ya nne na dada yake walitusindikiza mpaka kituo cha basi, wakatubebea ngoma, wakashusha ngoma, wakabaki. Twataja jambo hili kwa sababu tulikuwa tumebishana majuma mawili juu ya chombo gani kipandwe, kumbe kuna watu ambao hawaulizwi. Kuchagua chombo nako ni utajiri.

Jumamosi tulifika Mombasa tukiwa tumechoka. Jioni tukawachukua vijana mpaka chini ya Fort Jesus, nao wakaona majahazi ya watalii yakipita yakiwa yamewashwa taa. Yalikuwa mazuri. Hakuna haja ya kusema uongo redioni. Yalikuwa mazuri sana, na muziki ukatufikia juu ya maji. Binti yule alitazama mpaka taa za mwisho zikapotea. Hatukumwambia neno.

Asubuhi yake, Likoni. Tuliteremka ule mteremko pamoja na umati, tukaingia pa kungojea, na kweli ilikuwa foleni, tena foleni ya jasho. Lango lilipofunguliwa watu walikwenda kama maji. Tulishikana mikono tusipotezane. Karibu na binti yule alikuwapo mama mmoja mwenye kapu la viazi, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na mama huyo, pasipo salamu ndefu, akamgeukia akasema, “Mwanangu, hebu nishikie huyu.” Akamkabidhi mtoto wa mkononi, akajitwika kapu lake vizuri. Feri ikaondoka. Meli kubwa ya mizigo ilikuwa imepita punde, na maji yalikuwa bado yakicheza. Mtoto alimshika binti yetu shingoni kwa mikono miwili, akalala. Dakika chache, mlango wa chuma ukashushwa upande wa pili, mama akamtwaa mwanawe, akasema, “Ahsante, mwanangu,” akapotea katika watu.

Tulipokuwa tukipanda kuelekea kwenye matatu, binti yule alisema polepole, kama asemaye na nafsi yake, “Hakuniuliza natoka wapi.”

Wapendwa, sisi tuliosoma chuo cha theolojia hufundishwa kutafuta maana katika kila kitu, na si kila kitu chataka kutafutiwa maana. Lakini hili latutosha. Maisha yake yote mtu yule ameulizwa: jina, namba, kadi, asili yake. Jahazini angeulizwa kwa heshima, utapenda nini, naye angestahili kuulizwa hivyo. Juu ya feri hakuulizwa lolote. Alipewa mtoto wa mtu. Mama yule hakumwona kuwa mkimbizi wala mgeni. Aliona mikono iliyo mitupu karibu naye.

Tena kuna hilo la nauli. Watu wetu walistaajabu kwamba hakuna aliyewadai. Kijana mmoja alikuwa ameshika sarafu mkononi tangu getini, akavuka nazo, akashuka nazo. Tulimweleza kwamba kuvuka bure si kusema hakuna aliyelipa. Mafuta yamenunuliwa, mabaharia wana mishahara, mabamba ya chuma hushika kutu yakatengenezwa. Yote hulipwa kwa fedha ya nchi, hata kwa kodi ya sukari aliyoinunua yeye mwenyewe sokoni. Paulo awaandikia Waefeso, mlango wa 2, kwamba tumeokolewa kwa neema. Yona, kinyume chake, alilipa nauli yake Yafa; Maandiko yametaja nauli hiyo waziwazi, naye alikuwa akikimbia.

Wenyeji walitungoja. Walikuwa wamepika pilau na samaki wa nazi, na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, amejifunga leso, alipita kati ya meza akiwauliza vijana wetu mmoja mmoja, “Nikuongeze nini, mwanangu?” Mliokuwa mkisikiliza vizuri mtakumbuka ni nani aliyekuwa amelitamani swali hilo. Hatukupanga jambo hilo, wala mama yule hakuwa amesimuliwa.

Hata hivyo tusiwadanganye. Katika basi, tukirudi, karibu na Garsen, binti yule alituambia kwamba bado angependa kupanda jahazi lile siku moja, ameketi, bila kubeba mtoto wa mtu. Nasi hatukumbishia. Twamwombea alipande.

Jumatatu, kabla ya kuondoka, tuliwapitisha Kisauni, mahali paitwapo Kengeleni, ambapo kengele ya Freretown ingali imetundikwa. Mji ule wamisionari wa CMS waliuanzisha mwaka wa 1875 kuwa makao ya watumwa waliowekwa huru. Wengi wao walikuwa wamenyang'anywa makwao, wakapakiwa katika majahazi. Manowari za Waingereza zikayakamata majahazi hayo baharini, na watu wakateremshwa ufukoni wasijue lugha wala mahali. Vijana wetu walielewa upesi kuliko watalii wengi. Mmoja akasema, “Kumbe hii nayo ilikuwa kambi.” Ndivyo. Na kutoka katika kambi ile wakatoka walimu na wahubiri wa kwanza wa kanisa letu hapa pwani. Mbao za jahazi ni zile zile, tanga ni lile lile. Limebeba pembe, limebeba watumwa, limebeba tende, sasa labeba wageni na sahani za kamba. Chombo chenyewe hakina dhambi. Na jirani na hapo, upande huo huo wa bara, ndiko Ludwig Krapf alikomzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga katika mwaka wa 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Naye alikuwa amevuka kutoka kisiwani.

Tumesema mengi ya Mombasa, na sasa turudi kwetu, kwa maana huku nako twavijua vivuko. Watu wa makamo watakumbuka pantoni ya Garsen iliyokuwa ikivutwa kwa kamba, wavutaji wakiimba, kabla daraja halijajengwa. Na nani amesahau mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili 2024, mto Tana ulipofunika barabara kati ya Garissa na Madogo? Nairobi ikawa mbali kama Ulaya. Watu wakavushwa kwa mashua mahali palipokuwa lami juzi tu. Jumapili tarehe 28 Aprili mwaka wa 2024, mashua moja ilipinduka pale Kona Punda. Watu 23 waliokolewa; wengine wakafa maji.

Siku zile kando ya maji walisimama watu wa namna mbili. Walikuwapo waliotaka kuvuka: mgonjwa wa figo, mwanafunzi, mama mwenye maiti ya kuzika. Na walikuwapo waliokuja kutazama. Walivaa viatu vizuri, wakainua simu zao, wakapiga picha za wale wanaovuka, wakarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Hawakumdhuru mtu. Lakini wako vijana wa Madogo, wengi wao si wa kanisa letu, walioingia katika maji mpaka kifuani wakiwashika vikongwe wasianguke mashuani, bila kudai shilingi. Tuliwauliza mmoja wao kwa nini. Alituangalia kama kwamba tumeuliza swali la kitoto, akasema, “Si wanataka kufika?”

Ukisoma tena Marko, mlango wa 4, aya ya 36, utaona kipande kidogo ambacho husahauliwa: palikuwa na vyombo vingine pamoja naye. Marko hatuambii vilikuwa vya nani, wala kama viliogopa, wala kama vilifika. Tufani ile iliwapiga nao pia, na utulivu ulipokuja uliwatuliza nao pia, ijapokuwa hawakumwamsha Bwana wala hawakujua ni nani aliyesema na upepo. Twapenda kuwafikiria watu wa vyombo vile kila tunapopita Madogo.

Na tuombe.

Ee Bwana uliyelala chomboni pamoja na watu wako, twakuomba kwa ajili ya manahodha na mabaharia wa Likoni asubuhi hii, wanaovusha watu wengi wasiowajua majina. Uwape macho yasiyochoka na injini nzima. Wakumbuke wenye mashua wa mto Tana, wawe waaminifu katika nauli na katika hesabu ya watu. Wafariji jamaa za wale waliozama Mtongwe, na Ukara, na Kona Punda. Wape wenye mamlaka moyo wa kutengeneza chombo kabla hakijavunjika. Na yule kijana wa sauti ya nne pamoja na dada yake, waliobaki kituoni wakiwa na kibali kisichotoka, uwafungulie njia kabla ya mavuno mengine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.